Omba Uone Mbili

Kambini, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wako umepunguza kelele. Mimi sijambo, ila jua la huku halina adabu. Mama ameniandikia kwamba mmekoseana tena kuhusu lile kabati la vitu vya marehemu baba. Mimi simo. Wakipigana fahali wawili, nyasi ni mimi.

Kazi inakwenda. Nguzo za daraja zimesimama pande zote mbili za bonde na sasa tunangoja boriti kubwa za kuziunganisha. Napanda kreni yangu kila asubuhi, vidato mia moja na arobaini, naketi kwenye kibanda cha kioo hadi jioni. Chini yuko mwenzangu tunayemwita Kidole, kwa kuwa huku upepo unakula sauti na yeye huniongoza kwa vidole. Akiinua gumba, napandisha. Akikunja ngumi, nasimama. Mwaka wa pili sasa hatujawahi kugombana, labda kwa sababu hatusikilizani.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jenereta la kambi likizimwa, mbingu ya huku inatisha kwa nyota. Nimemkumbuka baba alivyokuwa akilala chali juu ya lori lake na darubini kifuani. Nataka na mimi darubini, ile ya macho mawili. Mtunza stoo ana mbili za mitumba, akaniruhusu nizijaribu. Zote zinanionyesha nyota mbili palipo na moja! Nimemwambia awauzie wenye watoto mapacha. Ameahidi kuniagizia mpya, na anasema nichukue inayokuza mara ishirini. Wewe ndiye fundi. Nichague ipi? Au unitumie tu ile ya baba iliyomo kabatini, tumalize maneno.

Mwanao,
Mpanda kreni

*

Nyumbani, 19 Februari

Marahaba, baba.

Mimi mzima. Mgongo haujambo, unalalamika kwa zamu. Mama yako naye hajambo, na kama anakuandikia habari za kabati mwambie aandike na habari za nani aliyevunja bawaba yake.

Nimetengeneza vyombo vya wapima ardhi miaka thelathini na mmoja, halafu mtoto wangu anakwenda kumuuliza mtunza stoo! Sikiliza. Mkono wa binadamu hutetemeka hata kama mwenyewe ni jasiri. Ukikuza nyota mara ishirini, umekuza na tetemeko lako mara ishirini, na utakachoona ni kimulimuli mlevi. Tafuta iliyoandikwa 7 na 50, au 10 na 50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia jichoni. Hamsini kwa saba ni saba na kidogo. Hamsini kwa kumi ni tano. Kama mboni yako gizani inafunguka milimita tano tu, hiyo ya saba ni kumimina ndoo kwenye chupa, mwanga mwingi utamwagika nje.

Kwa hiyo pima mboni kwanza. Huko hamkosi biti za kutobolea chuma, na zina namba. Kaa gizani robo saa. Simamisha biti mbele ya jicho moja, karibu na kope, uitazame nyota angavu. Biti ikiwa nyembamba kuliko mboni, nyota itachungulia kando zote mbili. Ikiwa nene kuliko mboni, nyota itapotea. Biti ya mwisho kabla ya kupotea, namba yake ndiyo upana wa mboni yako. Pima macho yote mawili, usibague.

Kuhusu nyota pacha, hizo za stoo zimeanguka. Ndani mna vipande vya kioo vinavyokunja njia ya mwanga. Kimoja kikisogea unywele tu, macho mawili hayakutani. Chini ya ngozi nyeusi ya nje kuna skrubu nne ndogo za kuvirudisha mahali pake. Usiziguse. Hizo ni za mtu mwenye meza na taa, si za kila mwenye bisibisi.

Ile ya baba yako imepinda. Tuiache ilipo.

Shangazi yako

*

Kambini, 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, nashukuru. Kichwa tu kinanigonga kidogo upande wa kulia, nadhani ni kile kioo cha kibanda kinachonipika. Mama umsalimie. Mwambie bawaba ilikuwa mbovu tangu zamani, nami nilale salama.

Nimefuata maagizo yako kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Niliazima biti zote za fundi chuma, nikakaa nyuma ya matangi ya maji. Matokeo: jicho la kulia nane, jicho la kushoto tano! Nimerudia siku tatu, jibu ni lile lile. Jicho moja tajiri, jingine maskini, na wote wanakaa uso mmoja. Sasa hapo mtu anagawa kwa jicho lipi? Fundi chuma anasema ninunue darubini mbili nizikate nusu nusu.

Nikaamua 7 na 50. Imekuja kwa lori, mpya, ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi ya kiwandani. Niliifungua mwenyewe. Shangazi, nyota mbili! Moja imekaa juu ya nyingine kidogo, kama mtoto mgongoni. Nimemgombeza mtunza stoo mpaka kahawa yake ikapoa. Ameapa haikuanguka, nami sina sababu ya kumwamini. Nakuletea kwa mkono wa dereva wa lori la vifaa, uinyooshe.

Kichekesho cha wiki: Kidole anasema siku hizi nikiwa juu nainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Nimemwambia anayetazamwa kutoka juu asichague namna ya kutazamwa.

Mwanao,
Mpanda kreni

*

Nyumbani, 22 Aprili

Marahaba, baba.

Utanisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua. Mama yako hajambo. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku langu la vioo vibovu, watoto wanne, na nimeshindwa kumfukuza.

Darubini yako ilifika. Niliiweka mezani siku hiyo hiyo, nikawasha taa, nikapima. Kesho yake nikapima tena. Ni nzima.

Nijibu haya, tafadhali, moja moja. Unaona viwili kwenye nyota tu, au na vitu vingine? Ukifumba jicho moja, kile cha pili kinaondoka? Kope la jicho la kulia limeshuka? Kichwa bado kinagonga?

Mpya yako nakurudishia. Pamoja nayo nimefunga ile ya baba yako. Najua nilisema tuiache. Itazame nyota moja angavu, macho yote mawili wazi, kichwa kikiwa wima, kisha uniandikie ulichoona. Usiniandikie cha kunifurahisha, niandikie ulichoona. Na usiongeze siku, andika usiku huo huo.

Baba, omba uone mbili.

Shangazi yako

*

Kambini, 15 Mei

Shangazi mpendwa mwenye siri nyingi,

Shikamoo! Pole na mafua, ingawa Mama ameniandikia kwamba hukuwa na mafua yoyote. Anasema ulijifungia karakanani wiki nzima na chakula kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Mimi simo, nyasi ni nyasi.

Shangazi, mtu akisema uongo na aseme unaofanana na kweli. Umeniambia miaka yote hii darubini ya baba imepinda. Imepinda wapi? Ndiyo nzima peke yake duniani! Niliielekeza kwenye ile nyota kubwa inayotoka juu ya bonde, nikasema haya, tuone mbili za shangazi. Nikaona moja. Moja tu, kali, imetulia, kama imepigiwa msumari. Sitakuficha, nililia. Nilihisi baba amekaa pembeni yangu ananiambia sogea na mimi nione. Ile mpya nimemrudishia mtunza stoo.

Najua uliomba nione mbili. Sikuelewa, nikadhani ni utani wa mafundi.

Maswali yako mengine ni ya daktari na mimi si mgonjwa. Nyota ni nyota, mengine tuyaache. Ila nikuambie jambo utacheka. Napanda nayo kwenye kreni. Kibandani nikiitumia kutazama ndoano na mzigo, kila kitu kinakaa sawasawa. Kidole anasema nimekuwa jenerali wa vita.

Halafu habari kubwa. Msimamizi ameniambia boriti za daraja nitaziinua mimi, si yule mzee anayeendesha kreni ya ng'ambo ya pili. Tani arobaini kila moja. Mwisho wa Julai. Baada ya hapo natajwa kuwa mkuu wa kreni zote. Miaka saba nimepanda vidato vya kreni, shangazi. Nifurahie.

Mwanao,
Mpanda kreni

*

Nyumbani, 27 Mei

Baba yangu,

Marahaba. Sote wazima. Leo sina habari za paka.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na sikuweza kuingia ndani wala kutoka. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu miaka ishirini na miwili. Likikukasirisha, kasirika, lakini lisome hadi mwisho.

Darubini ile imepinda kweli. Niliipindisha mimi.

Baba yako alikuja karakanani mwezi kama huu, wewe ukiwa na miaka saba. Alikaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, akacheka akasema mwezi umeajiri msaidizi, sasa angani iko miezi miwili. Aliniletea darubini niinyooshe. Nikaipima, ilikuwa nzima, kama ya kwako ilivyokuwa nzima. Nikamwambia kasoro iko machoni kwako, nenda hospitali. Akasema mwezi ujao madereva wanapimwa, wakimkuta na hili wanamnyang'anya lori. Akasema, "Dada, wewe si fundi? Kama macho yamepinda, ipinde na yenyewe iyafuate."

Mimi nikajiona fundi. Nilimkalisha mbele ya taa saa mbili nzima, nazungusha skrubu, namuuliza sasa je, sasa je, mpaka akaona taa moja. Aliruka. Alinikumbatia akasema hakuna kama dada yake. Skrubu zote nne nikazitia tone la rangi nyekundu ya kucha zisilegee, kama tufanyavyo. Siku ile nilijisifu, baba. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Wiki tisa baadaye lori liliacha barabara mchana kweupe.

Watu walisema alilala. Mama yako anaamini alilala. Wewe ulipigana shuleni kwa sababu walisema baba yako alilala kwenye usukani. Hakulala. Daktari aliyemchunguza aliniita pembeni kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda kumtambua. Alisema mshipa wa damu kichwani ulikuwa umevimba, ukawa unabana neva ya jicho, ukapasuka. Aliniuliza kama marehemu alikuwa akiona viwili viwili. Kama mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Alisema dalili zile ni mlango wenye kengele, ukisikia unakwenda, na mshipa hufungwa kabla haujapasuka. Akasema pia ugonjwa huo huweza kurithiwa ndani ya familia. Nilimjibu sikuona kitu. Kengele niliizima mimi kwa bisibisi, halafu nikasema sikuisikia.

Sasa unaelewa kwa nini nilikutumia ile darubini. Mtu mwenye macho mazima akitazama nayo lazima aone mbili. Niliomba uone mbili. Wewe ukaona moja.

Teremka kwenye kreni. Usingoje Julai, usingoje kesho. Mwambie msimamizi, na upande lori linalokuja mjini, nitakupeleka hospitali mwenyewe. Kama hutamwambia wewe, nitamwandikia mimi. Yule Kidole anasimama chini ya mzigo wako akiamini jicho lako.

Nisamehe kama unaweza, lakini hilo baadaye. Kwanza teremka.

Shangazi yako

*

Kambini, 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako.

Baba alilala. Nimeishi na hilo miaka ishirini na miwili, nimelizoea, nina mahali pa kuliweka. Wewe leo unakuja kumwamsha. Kama ulinyamaza siku zote hizo, ungenyamaza na sasa.

Mimi si baba. Naona vizuri. Nikifumba jicho moja kila kitu kinakuwa kimoja, na kazi inafanyika kwa jicho moja kama kwa mawili. Kuna mafundi wa jicho moja wangapi? Kichwa kinauma kwa sababu ya jua. Kope ni uchovu. Siku tatu hadi hospitali na siku tatu kurudi, nikirejea nitamkuta yule mzee wa ng'ambo amekalia kiti changu, na mimi nitafagia stoo.

Boriti zimefika mapema. Tunaziinua Jumamosi ya tarehe tano Julai, asubuhi. Nikimaliza hiyo kazi tutazungumza hospitali. Nimesema tutazungumza.

Ukimwandikia msimamizi, sina shangazi.

Nakurudishia darubini yako. Sitazami tena nyota.

*

Nyumbani, Jumatano, 2 Julai

Baba,

Kifurushi chako kimefika leo mchana. Mama yako yuko salama, hajui lolote, na amekuwekea shati jipya kwenye mkoba wangu.

Barua yako niliitazama kabla ya kuisoma. Mistari inapandana. Mstari wa tatu umeuandika juu ya wa pili, na hukuona. Mwandiko wako nilikufundisha mimi kwenye meza hii hii, ukipinda herufi ulikuwa unalia hadi uifute. Hukuweka hata jina.

Kisha nikaiweka darubini mezani, nikawasha taa. Nilidhani umeirudisha kwa hasira. Nilibandua ngozi. Rangi yangu nyekundu imevunjika kwenye skrubu zote nne, na vichwa vyake vimechubuliwa na bisibisi iliyo kubwa kupita kiasi. Nilikuambia usiziguse, nikakueleza na mahali zilipo, ndiyo akili yangu. Nilipima. Nilivyomwekea baba yako, picha mbili ziliachana upana wa punje ya mchele kwenye ukuta wangu. Sasa zinaachana upana wa vidole vitatu. Skrubu ya chini ya kulia imefika mwisho, haizunguki tena hata robo.

Kwa hiyo umekuwa ukizungusha kila siku chache, peke yako, ukifuata macho yako yanavyokwenda, mpaka chuma kikakataa. Hukuirudisha kwa hasira. Umeirudisha kwa sababu haikufai tena. Na wewe unaniandikia unaona vizuri.

Nilipaswa kumwandikia msimamizi siku ile ile ya Mei. Nilingoja kwa sababu niliogopa kukukosa. Kwa baba yako niliogopa vivyo hivyo. Naona sijajifunza kitu.

Nimetoka sasa hivi ofisi ya kampuni yenu hapa mjini. Karani amesema redio ya kambi hupatikana asubuhi, si kila asubuhi. Nimemwambia aandike: dereva wa kreni asipande, ni mgonjwa, shangazi yake anakuja. Ameandika kwenye kikaratasi akakibana chini ya kikombe chake cha chai. Nilisimama pale hadi akaudhika. Nilimwambia, mwanangu, hicho kikombe ukikiinua ukumbuke.

Kesho alfajiri kuna lori la saruji linalokuja kwenu. Dereva amekubali nikae mbele. Siku tatu. Anasema tukijaliwa tutafika Jumamosi mchana. Wewe unainua asubuhi.

Utaniuliza kwa nini naandika barua nitakayosafiri nayo mwenyewe. Baba yako sikumwandikia hata mstari mmoja, na nikaja kumaliza miaka ishirini nikimwandikia kichwani. Hii ya kwako itakuwa kwenye karatasi. Ukiwa umeteremka tayari, utaisoma unicheke, nami nitafurahi kuchekwa. Uniite mbaya, usiniite shangazi, uishi tu.

Darubini nimeinyoosha. Nimeirudisha ilivyotoka kiwandani, nikatia rangi mpya. Nakuja nayo. Utatazama nayo mbele ya msimamizi, kichwa wima, macho yote mawili wazi, na utasema unaona ngapi.

Shangazi yako

*

Njiani, Jumamosi, 5 Julai, saa nne asubuhi

Baba, naongezea kwa penseli. Nimekalia mfuko wa saruji, samahani kwa mwandiko.

Rejeta imechemka, dereva amesimama juu ya kilima anangoja ipoe. Anasema ni saa moja tu iliyobaki. Kutoka hapa bonde lenu linaonekana lote. Nilidhani kreni ni fupi kuliko ulivyosimulia, kumbe ni ndefu zaidi.

Nimetoa darubini. Nimeiegemeza kwenye mlango wa lori.

Naona boriti moja, iko hewani, katikati ya nguzo mbili. Naona kamba moja. Chini yake yuko mtu mmoja amesimama, ameinua uso, na mkono ameukunja ngumi. Boriti haijasimama, bado inakwenda. Ameinua na mkono wa pili, nao ameukunja.

Kioo cha kibanda kinapigwa na jua. Simuoni aliyekaa ndani.